Chujio la nitrati la kujitengenezea nyumbani: mambo niliyofunzwa na tangi la samaki

Yafuatayo ni mazungumzo ya afisa wa mawasiliano wa kaunti mbele ya wakazi, wengi wao vijana wanaofuga samaki wa mapambo na wa kula, waliokutana katika ukumbi wa jamii. Tumeyachapisha kwa faida ya wasomaji ambao hawakuweza kufika.

   

Nianze kwa kusema ukweli. Mimi si mwanasayansi. Chuoni nilisomea uanahabari, na kazi yangu hapa kaunti ni kuandika taarifa, kupiga picha na kupokea simu za waandishi wa habari. Nimesimama mbele yenu kwa sababu moja tu. Mwenzangu mmoja alikuja nyumbani, akaona paipu nene ya plastiki imesimama chini ya meza sebuleni, na ndoo kando yake ikidondokewa na maji. Akauliza kama bomba limepasuka. Nikamwambia hilo ni chujio la nitrati la tangi la samaki, na kwamba vifaa vyake vingi nilivitoa hadiwea na kwenye duka la dawa. Akasema, "Basi njoo uwaeleze wenzako."

Nitawaeleza jinsi ya kulitengeneza, hatua kwa hatua. Lakini nawaomba msiondoke kabla ya mwisho, kwa sababu tangi hilo lilinionyesha jambo fulani kuhusu kisima chetu, na jambo hilo halikuwa la samaki tena.

Samaki sita

Mwanangu alipofikisha miaka saba aliomba samaki. Nikanunua tangi la kioo la lita 100, chujio dogo la sponji lenye pampu ya hewa, na samaki sita wa rangi ya dhahabu. Nikalijaza maji ya kisima cha ploti tunayopanga. Maji yalikuwa maangavu kabisa, unaona mpaka chini.

Kabla ya wiki mbili kwisha, samaki wanne walikuwa wamekufa. Nilimlaumu aliyeniuzia. Yeye akanilaumu mimi. Nilipotulia na kuanza kusoma na kuulizia, niligundua kwamba yeye ndiye alikuwa na haki.

Kosa langu ni kwamba nilidhani maji yakiwa maangavu ni salama. Chujio la sponji hunasa uchafu unaoonekana, na linafanya kazi hiyo vizuri. Lakini kinachoua samaki kwenye tangi jipya hakionekani kwa macho.

Kinachotokea ndani ya maji

Samaki anapokula, mwili wake hutoa amonia, na sehemu kubwa hutoka kupitia mashavu yake. Chakula kilichobaki na kinyesi vikioza huongeza amonia hiyo hiyo. Amonia ni sumu kali kwa samaki.

Mungu ameweka bakteria wanaoila. Kundi la kwanza hubadilisha amonia kuwa nitriti. Nitriti nayo ni sumu, kwa sababu inaharibu uwezo wa damu ya samaki kubeba oksijeni. Kundi la pili hubadilisha nitriti kuwa nitrati. Tofauti ya majina ni herufi moja, lakini tofauti ya madhara ni kubwa: nitrati haina ukali wa haraka kama hizo mbili za kwanza.

Bakteria hawa wanahitaji oksijeni, na wanahitaji muda. Kwenye tangi jipya huchukua wiki nne hadi sita kuongezeka vya kutosha. Mimi niliweka samaki sita siku ya kwanza. Wale wanne walikufa wakati bakteria bado hawajafika kazini. Basi somo la kwanza kwa anayeanza ni hili: anza na samaki mmoja au wawili, walishe kidogo, na subiri.

Somo la pili ndilo lililonileta hapa. Nitrati ikishapatikana, haina pa kwenda. Haigeuki kuwa mvuke. Haishuki chini. Maji yanapopungua kwa jua na joto, yenyewe inabaki, na unapoongeza maji unaongeza nyingine. Inapanda wiki baada ya wiki. Mwani wa kijani unafunika vioo, samaki wanazubaa, hamu ya kula inapungua, na ugonjwa mdogo unawamaliza.

Dawa ya kawaida ni kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Na dawa hiyo ni nzuri, siwaambii muiache. Lakini kwangu haikufanya kazi, na ilinichukua muda kujua sababu.

Kwa nini kubadilisha maji hakukunisaidia

Nilinunua vitone vya kupimia nitrati kwenye duka la samaki wa mapambo. Unaweka maji kidogo kwenye kichupa, unatia vitone, unatikisa, unasubiri, kisha unalinganisha rangi na kadi. Njano ni nzuri. Kadiri inavyoelekea wekundu, ndivyo nitrati ilivyo nyingi.

Tangi langu lilikuwa jekundu. Nikabadilisha nusu ya maji. Bado jekundu. Wiki iliyofuata, vivyo hivyo. Ndipo nikafanya jambo ambalo mwandishi wa habari alipaswa kulifanya mwanzo: kwenda kwenye chanzo. Nikapima maji ya kisima yenyewe, kabla hayajagusa samaki. Rangi ikawa kati ya alama ya 40 na ya 80, yaani miligramu kwa lita moja. Nilijiambia ni 40, kwa sababu sikutaka kuamini zaidi ya hapo.

Fanyeni hesabu pamoja nami. Tuseme maji ya tangi yana 100 na ya kisima yana 50. Ukibadilisha nusu unapata 75. Ukirudia unapata kama 63. Ukirudia mwaka mzima, hutashuka chini ya 50 kamwe, kwa sababu unamwaga nitrati kwa mkono mmoja na kuiingiza kwa mkono mwingine. Na kila mara nilikuwa nikimwaga lita 50, ambazo ni mitungi miwili na nusu ya lita 20, mbele ya majirani wanaohesabu kila mtungi.

Kwa hiyo nilihitaji njia ya kuiondoa nitrati palepale tangini.

Bakteria wa aina nyingine

Hapa ndipo kuna jambo linalonifurahisha. Kuna bakteria wengine wengi kwenye udongo, matope na maji ambao oksijeni ikiwepo huivuta kama sisi. Oksijeni ikiisha, hawafi. Wanageukia nitrati, wanavuta oksijeni iliyofungwa ndani yake, na kinachobaki ni gesi ya nitrojeni. Gesi hiyo inatoka kama viputo na kurudi hewani, ambako si ngeni, kwa maana asilimia 78 ya hewa tunayovuta ni nitrojeni.

Chujio la nitrati, basi, ni chumba kisicho na oksijeni ambamo maji yanapita polepole sana. Polepole ndiyo siri yake yote. Chujio la kawaida husukuma maji mengi kwa haraka. Hili hudondosha tone moja moja.

Vifaa

Chukueni kalamu. Kwa tangi la lita 100 mimi nilitumia hivi:

Paipu mpya ya PVC ya inchi 4, urefu wa sentimita 60, pamoja na kifuniko cha chini cha kugundisha na kifuniko cha juu cha kuzungusha.

Paipu nyembamba ya inchi 2, urefu wa sentimita 55, ya kukaa ndani ya ile kubwa. Toboa matundu mengi kuanzia juu hadi chini ili maji yapite.

Mpira laini wa pampu ya hewa, wenye upana wa milimita 4 ndani na 6 nje, urefu wa mita 15 za kuzungushia, na mita mbili tatu za ziada za kufikia tangi.

Seti mpya ya dripu kutoka duka la dawa, ile ya kuwekea mgonjwa maji. Ina kichupa cha kuonyesha matone na kigurudumu cha kupunguza mwendo. Isiwe iliyotumika, hata kama imeoshwa.

Vipande vidogo vya mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, au vipande vya chungu cha udongo kisichopakwa rangi. Bakteria watakaa humo. Sisi watu wa pwani tunayo matumbawe tele, lakini kwa samaki wa maji baridi msiyatumie, kwa sababu yanaongeza chokaa kwenye maji.

Silikoni ya kuunganishia vioo vya tangi la samaki. Ile ya bafuni mara nyingi ina dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo ni sumu kwa samaki.

Ndoo mbili za lita 10, moja iwe na kifuniko, na sirinji kubwa.

Kuunganisha

Kwanza, gundisha kifuniko cha chini cha paipu kubwa. Acha kikauke siku nzima, kisha jaza maji na uangalie kama kunavuja. Ni afadhali kijue kuvuja bafuni kuliko sebuleni.

Pili, zungusha ule mpira wa mita 15 kwenye paipu nyembamba, mzunguko ukigusana na mwenzake, kama mtu anayezungusha kamba kwenye mpini wa jembe. Utapata mizunguko 85 hivi, na itachukua kama sentimita 51 za paipu. Acha mwisho mmoja wa mpira ufunguke chini kabisa. Mwisho wa pili uje juu.

Tatu, toboa matundu mawili kwenye ubavu wa paipu kubwa karibu na juu. Moja ni la kuingizia maji. La pili liwe juu zaidi kidogo, nalo ni la kutolea. Ingiza paipu nyembamba ndani, pitisha mpira kwenye tundu la kuingilia, weka mpira wa seti ya dripu kwenye tundu la kutokea, na ziba pembeni kwa silikoni. Acha ikauke siku nyingine.

Nne, osha yale mawe mpaka maji yatoke safi. Jaza ndani ya paipu nyembamba na kwenye nafasi zilizobaki. Jaza maji ya tangi mpaka juu, kisha funga kifuniko.

Tano, simamisha chujio sakafuni, chini ya meza ya tangi. Tangi langu liko juu ya meza ya sentimita 75, kwa hiyo maji yanashuka yenyewe, bila pampu na bila stima. Ncha ya mpira unaoingia tangini usiizamishe sana. Iache sentimita chache tu chini ya uso wa maji, ili siku jambo likiharibika, tangi lisikauke lote. Vuta maji kwa sirinji, usivute kwa mdomo. Kichupa cha dripu kining'inie juu ya ndoo.

Njia ya maji ni hii. Yanatoka tangini, yanazunguka kwenye mpira mrefu, na huko bakteria wanaopenda oksijeni wanaimaliza yote. Yanafika chini yakiwa hayana oksijeni. Yanapanda polepole kati ya mawe, ambako bakteria wa nitrati wanafanya kazi. Yanatoka juu, pamoja na gesi, na kudondoka kwenye ndoo.

Wengine huweka pampu ya kurudisha maji tangini. Mimi narudisha kwa mkono kila jioni. Kwanza namimina kutoka ndoo moja hadi nyingine mara kumi hivi, kama mtu anayepoza chai, ili maji yapate oksijeni. Na kabla ya hapo nainusa ndoo. Pua yangu ndiyo kipimo changu cha kwanza, na nitawaeleza kwa nini.

Tone moja kwa sekunde

Anza na tone moja kwa sekunde, yaani matone 60 kwa dakika. Seti nyingi za dripu za watu wazima hutoa mililita moja kwa matone 20. Kwa hiyo unapata mililita tatu kwa dakika, ambazo kwa saa 24 ni lita nne na kidogo. Kwa mwendo huo, maji yanakaa ndani ya mpira mrefu kama saa moja kabla ya kufika chini.

Lita nne ni kidogo, nakubali. Lakini maji yenye nitrati 100 yakitoka yakiwa na sufuri, tangi la lita 100 linapunguza kama miligramu nne kwa kila lita kwa siku, kabla ya kuhesabu zile samaki wanazoongeza. Haba na haba hujaza kibaba. Hapa, haba na haba humaliza kibaba.

Sasa, subira. Wiki ya kwanza hutaona chochote. Wiki ya pili na ya tatu, pima maji yanayotoka na utakuta nitriti. Usishtuke. Bakteria wameanza kazi lakini bado wanaiacha njiani. Maji hayo usiyarudishe tangini, mwagilia maua, na ujaze tangi kwa maji ya mvua au mengine yasiyo na nitrati. Kwangu ilikuwa wiki ya sita ndipo vitone vilipobaki njano kabisa kwa maji yanayotoka, na nitriti haikuwepo. Nilimwita mwanangu aone. Yeye aliuliza tu kama sasa tunaweza kununua samaki wengine.

Baada ya hapo kazi ni kusoma dalili mbili. Ukikuta nitriti kwenye maji yanayotoka, maji yanakimbia sana, punguza matone. Ukisikia harufu ya yai viza, yanakwenda polepole mno. Nitrati imeisha kabla ya maji kutoka, na bakteria wengine wameanza kutengeneza gesi nyingine ambayo ni sumu kwa samaki. Maji hayo yamwage, usiyarudishe, na ongeza matone kidogo. Hakuna nitriti wala harufu? Ongeza kutoka matone 60 hadi 70, kisha ngoja wiki nzima kabla ya kugusa tena.

Tahadhari nyingine ni mbili tu. Bakteria hawa wanahitaji chakula chenye kaboni, na mtasikia watu wakisema watie sukari au pombe kali. Mimi sikutia chochote, na anayeanza asitie. Ikizidi kidogo tu, bakteria wanalipuka kwa wingi, maji yanakuwa kama maziwa, na samaki wanakuja juu kuhema. Pili, matone yakisimama kwa sababu ya kiputo au uchafu ndani ya mpira, na yakakaa hivyo siku moja au zaidi, lita za kwanza baada ya kuyafungua zimwage zote.

Kwa wanaotaka njia fupi zaidi

Najua kuna mtu hapa anajisemea kazi hii ni ndefu. Basi tumia mimea. Mimea hula nitrati kama mbolea. Chukua ule mmea wa majani mapana unaotambaa ambao wengi huuita mani planti, ning'iniza mizizi yake ndani ya maji na uache majani nje. Wanaofuga samaki wa kula wanaweza kupitisha maji kwenye beseni la kokoto lililopandwa mchicha, kisha yakarudi tangini. Mmea unakua, unaukata, na nitrati inatoka nyumbani kama mboga. Haiwezi kumaliza mzigo wa samaki wengi kwenye maji kidogo, lakini ni mwanzo mzuri na haina hatari ya yai viza.

Na kabla ya chujio lolote, punguza chakula. Samaki akishindwa kumaliza kwa dakika mbili tatu, umempa kupita kiasi.

Kisima chetu

Sasa nifike pale nilipowaomba mnisubiri.

Asubuhi moja nilikuwa kisimani na kile kichupa changu cha kupimia. Akaja mama jirani kuteka maji, mtoto wake wa miezi miwili mgongoni. Akacheka, akaniuliza kama nimekuwa daktari. Nikamweleza. Akakiangalia kile kichupa chekundu, kisha akaniuliza taratibu, "Na mtoto je?" Maziwa yake yalikuwa yamepungua, na alikuwa akimkorogea mtoto maziwa ya unga kwa maji ya kisima hicho. Akaongeza upesi, "Lakini nayachemsha vizuri sana."

Ndugu zangu, hapo ndipo niliponyamaza. Kwa sababu kuchemsha kunaua viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo, na msiache kuchemsha. Lakini nitrati haifi, kwa sababu si kiumbe. Ukichemsha, maji yanapungua kama mvuke na nitrati inabaki, kwa hiyo kila lita inakuwa na nyingi zaidi. Dawa ya klorini haiiondoi. Kitambaa hakiiondoi. Chujio la mshumaa haliiondoi.

Mtu mzima mwenye afya kwa kawaida huimudu. Hatari kubwa ni kwa mtoto mchanga, hasa wa chini ya miezi sita anayenyweshwa maziwa ya unga. Mwilini mwake nitrati inageuka kuwa nitriti, na nitriti inafanya kwa damu yake kile inachofanya kwa damu ya samaki: inaizuia kubeba oksijeni. Midomo na kucha zinageuka rangi ya samawati. Jambo hili si jipya. Mwaka wa 1945 daktari Hunter Comly wa jimbo la Iowa, Marekani, aliandika kuhusu watoto wachanga wa mashambani walioingia rangi hiyo kwa sababu ya maji ya visima vyao. Shirika la Afya Duniani limeweka kiwango cha juu cha nitrati katika maji ya kunywa kuwa miligramu 50 kwa lita, kwa ajili hasa ya watoto hawa.

Nilimwambia mama yule mambo matatu. Kwamba vitone vyangu vya samaki si maabara, vinaweza kukosea. Kwamba mpaka tujue, maji ya mtoto yatoke kwingine. Na kwamba tuende pamoja kwa afisa wa afya ya umma. Tulikwenda. Maji yalichukuliwa yakapimwa maabara, na majibu yakaja: zaidi ya 50. Mtoto hakuwa amepata dhara lolote, namshukuru Mungu. Lakini kisima hicho kilikuwa kikitumiwa na nyumba zote za ploti kwa miaka, na hakuna aliyejua, kwa sababu nitrati haina rangi, haina harufu na haina ladha.

Ilitoka wapi? Angalieni ploti zetu. Nyingi ni za futi 50 kwa 100, yaani takriban mita 15 kwa 30. Mwongozo wa kimataifa wa Sphere unataka choo cha shimo kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye maji ya chini ya ardhi yanayotekwa, na zaidi kwenye miamba yenye nyufa. Hata ukiweka kisima pembe moja na choo pembe nyingine, umefikisha kwa shida, na bado hujahesabu choo cha jirani ng'ambo ya ukuta. Na mwamba wetu wa pwani ni matumbawe, una matundu kama sponji. Kinachoingia chooni hakikai chooni. Ni amonia ile ile, bakteria wale wale, nitrati ile ile. Tofauti ni kwamba tangi langu ni la lita 100 na lile lingine liko chini ya miguu yetu sote.

Mtaniuliza kama chujio hili linaweza kusafisha maji ya kunywa. Jibu langu ni hapana, na nalisema polepole ili lisikike. Hiki ni kifaa cha samaki. Maji yake yamejaa bakteria, na siku yakienda vibaya hutoa nitriti, ambayo kwa mtoto ni mbaya kuliko nitrati yenyewe. Msiyanywe, na msimpe mtu.

Kwa maji ya kunywa, fanyeni haya. Kisima chenu kipimwe, na mkiomba vipimo, tajeni nitrati kwa jina, si viini tu. Mama mwenye mtoto mchanga anyonyeshe akiweza, na asipoweza atumie maji ambayo yamepimwa. Vuneni maji ya mvua, kwa sababu mvua haijapita chooni. Anayejenga apime mita kabla ya kuchimba, na azungumze na jirani yake pia. Huduma za afya na za maji ziko chini ya kaunti kwa mujibu wa Katiba ya 2010, kwa hiyo mkimtafuta afisa wa afya ya umma wa eneo lenu hamuombi hisani.

Pale kwetu, mwenye ploti ameweka mifereji ya paa na tangi la mvua. Choo bado kiko palepale, na bado tunazungumza naye. Mama yule anachota maji ya mtoto kwenye lile tangi, anayachemsha kama zamani. Mimi nachota humo humo maji ya samaki, na tuko na samaki watano sasa.

Jioni nikirudi kazini, mwanangu ndiye anayeinusa ndoo. Akisema iko sawa, tunamimina.